Gurudumu Lililotangulia

Kila asubuhi ya siku za shule, nyumba ya Mama Pacha ilikuwa vurugu tupu. Soksi moja haionekani. Chupa ya maji imevuja ndani ya mkoba. Pacha Mkubwa amemaliza chai zamani, na Pacha Mdogo bado anaipuliza kana kwamba hakuna shule siku hiyo. Baba yao yuko bafuni anaimba. Wimbo ni ule ule wa kila siku, na maneno yake hayajui.

Mama Pacha alikuwa mshonaji wa mapazia. Akishawafikisha wanawe shuleni, alipeleka mapazia kwa wateja. Kwa hiyo gari lao dogo, jekundu lililopauka, lilikuwa mguu wake wa kulia. Yeye ndiye aliyeliendesha. Mume wake ndiye aliyelitengeneza.

Mume huyo alikuwa fundi wa saa, na mtaa mzima ulimwita Fundi Saa. Alishika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, na hazikumponyoka. Alikuwa na mkono mwepesi, na kila mteja alimsifu kwa hilo. Shida ilianza siku ambayo shemeji yake alimtania mbele ya wageni. Alisema mikono ile haiwezi kufungua hata kizibo cha soda. Watu wakacheka mpaka machozi. Mama Pacha naye akacheka.

Fundi Saa alicheka pia, lakini maneno yale yalimkaa rohoni. Tangu siku hiyo, kila kitu alichofunga alikifunga kama anamjibu shemeji. Akifunga bomba la maji, mkewe hawezi kulifungua. Akifunga mtungi wa gesi, inabidi aitwe kutoka kazini aje kuufungua mwenyewe. Familia ilizoea, ikaona ni kichekesho tu.

Sasa, siku moja gurudumu la nyuma upande wa kushoto lilipata pancha. Fundi Saa akalitoa, likazibwa, akalirudisha. Mama Pacha alikuwa anaanika nguo pale pale uani, na aliona kila kitu.

Gurudumu la gari lao lilishikwa na bolti nne. Bolti ni zile nondo fupi zenye nyuzi, zinazotokeza nje kutoka kwenye habu, yaani kile chuma cha katikati ambacho gurudumu linakaa juu yake. Gurudumu likishakaa, nati zinafungwa juu ya bolti ili kulibana. Fundi Saa alifanya mambo mawili. Kwanza alichukua kichupa chake cha mafuta ya saa, akatia tone moja moja kwenye kila bolti. Alifanya hivyo kwa upendo kabisa, kama anavyotia kwenye saa ya mteja. Kisha akavisha bomba refu la chuma kwenye mpini wa spana, akapanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili na kuanza kuruka ruka.

Nati ikalia. Akaruka tena. Ikasikika "tak," na bolti moja ikaanguka chini, nati ikiwa bado imeing'ang'ania.

Mama Pacha akaacha nguo kwenye beseni. Akauliza kama gari limeharibika. Mume akaiokota bolti, akaigeuza geuza, akajipangusa jasho.

"Zimebaki tatu," alisema. "Kigoda cha jikoni kina miguu mitatu na wewe unakikalia kila siku. Umewahi kuanguka?"

Mama Pacha akacheka. Hoja ilikuwa nzuri, na mumewe ni fundi. Kifuniko cha plastiki kikarudishwa juu ya gurudumu, nati na pengo vyote vikafichika, na habari ya bolti ikaishia hapo.

Siku chache baadaye akaanza kusikia sauti nyuma ya gari. Tiki, tiki, tiki. Ilisikika zaidi gari likienda polepole. Akadhani ni chupa za watoto zinazogongana. Halafu kiti kikaanza kutetemeka. Akamwambia mumewe, naye akasema barabara ya mtaa huu ina mashimo, hata trekta lingetetemeka. Ndiyo hivyo, gari lilikuwa linapiga kelele za kuomba msaada, na watu wazima wawili wakawa wanalitafutia visingizio.

Asubuhi ile walikuwa wamechelewa kidogo. Mama Pacha alikuwa anateremka mtaa wa maduka, mwendo wa kawaida. Pacha Mdogo alikuwa anachungulia dirishani.

"Mama," akasema, "kuna tairi linatupita."

Mama Pacha akageuza jicho. Kweli, gurudumu lilikuwa linabingirika kando ya gari, peke yake, bila gari, limenyooka kabisa, kama lina safari zake. Mapacha wakaangua kicheko. Mama naye, Mungu amsamehe, akaanza kucheka. Alikuwa anajiuliza ni mzembe gani aliyepoteza gurudumu asubuhi na mapema vile.

Ndipo gari lake likazama nyuma.

Chuma kikagonga lami kwa kishindo. Gari likavutwa upande, likasota, likapiga mayowe ya chuma yaliyowasimamisha watu wa mtaa mzima. Mama Pacha alishika usukani kwa nguvu zake zote. Hakukanyaga breki kwa ghafla. Aliachia mafuta, akaliacha gari lijikokote, likasimama likiwa limeinama kama mtu aliyeteguka mguu.

Gurudumu lenyewe halikusimama. Lilipita kati ya mwanamke mwenye kikapu na mzee wa baiskeli, likaruka ukingo wa barabara, likapiga ukuta wa duka la dawa. Pembeni ya ukuta huo kulikuwa na benchi la wagonjwa. Watu watatu walikuwa wamekaa. Gurudumu likadunda, likayumba, likalala chali mbele ya miguu yao.

Hakuna aliyeumia. Lakini Mama Pacha hakulijua hilo bado. Aliwaita wanawe, na sauti haikutoka. Alitaka kugeuka awatazame, na shingo ikakataa. Mikono ilikuwa imeganda kwenye usukani, na ilibidi muuzaji wa duka la dawa aje kuifungua kidole kimoja kimoja, huku anamwambia watoto wazima, mama, watoto wako wazima.

Huko nyuma mapacha walikuwa wameacha kucheka. Pacha Mdogo aliuliza polepole kama lile tairi lilikuwa la kwao.

Lori la kubeba magari mabovu lililirudisha gari nyumbani. Siku hiyo Mama Pacha hakushona. Kila alipofumba macho aliliona lile benchi na miguu sita mbele yake. Mumewe alirudi mbio kutoka kibanda chake cha saa, akaliona gari, akachuchumaa penye pengo la gurudumu.

"Wanangu hawapandi tena kitu hiki," Mama Pacha alimwambia. "Mimi nikipanda ni shauri yangu. Wao hawapandi."

Alimaanisha. Juma lile watoto walikwenda shule kwa miguu. Ilikuwa mbali, na walifika wamechoka na kuchelewa. Mapazia yalirundikana sebuleni mpaka pa kukaa pakakosekana. Nyumba ilikuwa kimya. Lakini kila alipofikiria kuwafungulia watoto mlango wa lile gari, aliliacha wazo hilo. Hakujua kama siku moja ataweza.

Jumamosi Fundi Saa akaamua kulitengeneza gari. Alinunua bolti nne kwa kukadiria kwa macho, akatoa jeki. Ng'ambo ya ukuta wa uani alikuwa anaishi mwalimu wa magari wa chuo cha ufundi, mwanamke mrefu mwenye miwani, ambaye ulimi wake ulijulikana mtaa mzima kwa ukali. Alikuwa anamwagilia maua yake. Akasikia jeki inalia, akachungulia juu ya ukuta, akaacha mpira wa maji unamwagika.

"Fundi," akasema, "hebu usiingie chini ya gari hilo mpaka nifike."

Alifika na sanduku la vifaa. Hakusalimia sana. Kwanza alisukuma vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele ili gari lisitembee. Akaweka gia ya kwanza. Breki ya mkono akaiachia, kwa kuwa inashika magurudumu ya nyuma, yale yale wanayotaka kuyafungua. Jeki ilipoinua gari, akaweka stendi mbili za chuma chini yake. Alimweleza Mama Pacha kwamba jeki ni ya kuinulia tu. Anayelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake anacheza na roho yake.

Kisha akaziomba bolti mpya. Akakitoa chuma kinachofunika breki, akaipiga nyundo bolti ya zamani iliyopoteza nati bila kukatika, ikatoka, akaziweka pamoja kiganjani. Mama Pacha akasogea. Bolti mpya ilikuwa fupi kwa unene wa ukucha. Nyuzi zake hazikulingana, na yale meno madogo karibu na kichwa yalikuwa machache.

"Ungezifunga hizi," Mwalimu akasema, "na zingeshika. Mpaka siku ambayo zingeachia."

Mumewe alichukua bolti ya zamani, akaenda nayo dukani, akailinganisha na mpya moja moja mbele ya muuzaji. Alirudi na zinazofanana nayo kwa urefu, unene, nyuzi na meno. Alirudi na nati mpya pia, maana Mwalimu alimwagiza.

Wakati wanamsubiri, Mwalimu alikagua uharibifu. Chuma cha duara kinachofunika breki za nyuma, kinachoitwa ngoma ya breki, kilikuwa kimeburuzwa barabarani na kupata ufa. Hicho hakitengenezwi, kinabadilishwa. Mashimo ya rimu iliyochomoka yalikuwa yamepanuka, yamekuwa ya mviringo mbovu. Rimu hiyo nayo haifai tena. Watavisha gurudumu la akiba.

Ngoma mpya ilipopatikana, kazi ikaanza. Ile ya zamani ilikuwa imeshatolewa, na bolti zilionekana. Mwalimu alizungusha habu mpaka bolti ikafika mahali penye nafasi nyuma yake. Akaipiga kwa nyundo kutoka mbele, ikatokea nyuma. Bolti mpya akaiingiza kutoka nyuma na kulinganisha meno yake na ya tundu. Fundi Saa akainua nyundo.

"Weka chini," Mwalimu akamwambia. "Hii haipigwi. Inavutwa."

Alivisha kwenye bolti washa kadhaa, yale mapete bapa ya chuma. Juu yake akafunga nati ya zamani, upande wake bapa ukitazama washa. Akakaza taratibu. Nati ilipokaza, iliivuta bolti kidogo kidogo mpaka kichwa chake kikakaa sawasawa nyuma ya habu, bila upenyo. Akamwambia Fundi Saa aingize kidole ahakikishe. Kisha akampa zilizobaki azivute mwenyewe.

Mkono ule mwepesi ulipendeza kuutazama. Mama Pacha aliona hivyo, na akaona uchungu kidogo, kwa sababu mkono huo huo ndio uliomtikisa roho.

Hatimaye akauliza kilichokuwa kinamsumbua wiki nzima. Bolti moja ilikatika kwa bomba, sawa. Hizi tatu zilikuwa nzima. Mbili zilikatikaje, na ya tatu ikaachia nati yake?

Mwalimu akaichukua bolti ya zamani, akailaza kwenye bolti mpya, nyuzi kwa nyuzi. Hazikukubaliana. Ya zamani ilikuwa imerefuka.

"Wewe unashona," akasema. "Lastiki ukiivuta kidogo, inabana. Ukiivuta kupita kiasi?"

"Inalegea. Hairudi tena."

"Basi ndiyo bolti. Hizi tatu zilikwisha kufa siku ile ile. Zilikuwa zinasubiri tu. Na zikabebeshwa kazi ya nne."

Akamgeukia Fundi Saa kuhusu mafuta. Kwenye saa mafuta ni dawa, alisema. Kwenye bolti za gurudumu ni hatari, kwa sababu nati inateleza, na mtu anakaza kupita sana anavyofikiri. Nyuzi zinasuguliwa kwa brashi, zinafutwa, zinabaki kavu. Na bomba lile lisionekane tena karibu na gari.

Fundi Saa akayatazama magurudumu mengine matatu. Halafu akatamka neno moja lililowafanya wanawake wote wawili wamtazame.

"Yote."

Mkewe akamuuliza yote nini.

"Magurudumu yote niliyafunga hivyo. Mwezi uliopita, nilipoyabadilisha nafasi. Yote kwa bomba. Yote na mafuta."

Mwalimu aliinuka, akaenda gurudumu la mbele upande wa dereva, akang'oa kifuniko. Akaweka spana kwenye nati ya kwanza, akaigusa tu. Haikuzunguka. Ilichomoka mkononi mwake ikiwa na kipande cha bolti ndani, kama biskuti iliyomegwa. Ya pili ikafanya vile vile.

Mama Pacha akakaa chini, pale pale kwenye saruji. Gurudumu la mbele. Gurudumu linaloelekeza gari. Alikumbuka kwamba Jumapili iliyotangulia walikwenda kwa mama yake kwa barabara kuu, mwendo wa kasi, malori yakipishana nao, na mapacha wamelala usingizi nyuma.

"Hili lingechomoka," Mwalimu akasema polepole, na safari hii hakukuwa na ukali wowote, "usingepata nafasi ya kuliona linapita."

Fundi Saa alikuwa ameegemea ukuta. "Nilitaka muone nina nguvu," akasema. "Ni hivyo tu. Nilitaka uone."

Mkewe alimtazama. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa halali yake. Lakini alikumbuka pia beseni la nguo, na jinsi alivyocheka badala ya kuuliza.

"Leo nitaona," akamjibu. "Fungua magurudumu yote."

Fundi Saa alirudi dukani akaleta bolti na nati za magurudumu mengine matatu, na walimaliza jua likiwa limeinama. Yale ya mbele Mwalimu aliyafanya mwenyewe, kwa sababu huko kuna diski na kalipa, kile chuma kinachoibana diski ili gari lisimame, na breki si mahali pa mtu kujifunzia peke yake. Alisema asiye na ujuzi huo amwite fundi, wala asione haya. Na gari lenye bolti hata moja iliyokatika lisisogezwe mpaka litengenezwe.

Nati zilianza kufungwa kwa vidole, upande wao wenye mteremko ukitazama rimu. Kisha zikakazwa kwa kuruka upande, moja kisha ya mkabala wake, ili gurudumu likae sawa. Gari likateremshwa. Mwalimu akatoa spana ndefu inayopima nguvu. Aliiweka kwenye kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari, akampa Mama Pacha.

"Ikisema 'tk', acha."

Mama Pacha akavuta. Tk. Akaacha. Alishangaa. Nguvu yenyewe ilikuwa ndogo mno kuliko alivyodhani. Hata yeye aliiweza, bila kuruka wala kutoa jasho. Fundi Saa naye akajaribu. Tk. Akaitazama spana kama mtu aliyetukanwa na kitu kisicho na mdomo.

Walijaribu breki mara kadhaa, na breki ya mkono. Kisha Fundi Saa akafungua mlango wa nyuma, akakaa kushoto, juu ya gurudumu lile lililochomoka. Magoti yalimfika kidevuni. Mkewe akamwambia aje mbele.

"Hapa ndipo wanapokaa watoto," akasema. "Nipitishe huku kwanza."

Akampitisha. Walizunguka mitaa kwa mwendo mdogo, madirisha wazi, wote wawili wakisikiliza. Hakukuwa na tiki wala mtetemo. Jumapili walikwenda mbali zaidi, wao wawili tu, wakarudi, wakaacha magurudumu yapoe. Mwalimu alikuwa amewaonya kwamba nati zilizofungwa upya lazima zipimwe tena baada ya safari ya kama kilomita hamsini hadi mia moja. Wakazipima moja moja. Nati moja tu ilisogea kidogo kabla ya kusema "tk", na Mama Pacha akashtuka mpaka akaangusha spana. Mwalimu, akichungulia juu ya ukuta, alimwambia ndiyo maana wanapima.

Jumatatu asubuhi gari lilikuwa langoni. Vile vifuniko vya plastiki havikurudishwa, ili nati zionekane. Mama Pacha alisimama na funguo mkononi. Mapacha walisimama na mikoba yao, wanamtazama.

Pacha Mkubwa akauliza kama leo pia ni miguu.

Mama Pacha akafungua mlango wa nyuma. "Ingieni," akasema.

Pacha Mkubwa akaingia. Pacha Mdogo hakuingia. Alilizunguka gari, akachuchumaa kwenye kila gurudumu, akagusa nati zote kwa kidole, midomo inahesabu. Mama yake alishangaa, maana hakujua kwamba mtoto huyu alikuwa dirishani Jumamosi nzima. Alipomaliza akasimama, akajipangusa kidole kwenye sare, akapanda na kufunga mkanda.

Wakaondoka. Mama Pacha aliendesha akiwa amekaza meno. Walipita duka la dawa. Benchi lilikuwa pale, watu wamekaa, mmoja anasoma gazeti. Huko nyuma kulikuwa kimya, na kimya kile kilimuumiza, kwa sababu alijua wote watatu wanasikiliza kitu kimoja.

Walipokaribia shule, Pacha Mdogo akalalamika kwamba mwenzake amemkalia mkono. Mwenzake akasema si kweli. Wakaanza kusukumana, wakapandisha sauti, wakamwita mama awaamue. Siku zote angewakemea. Leo alishika usukani kwa mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga, akawaacha wagombane mpaka langoni.